Makao yetu ya wanyama yahame: tuanze na ardhi au na pesa?

SWALI: Daktari, sisi ni kikundi cha kujitolea katika mji mdogo wa Taita Taveta, kando ya barabara kuu ya Mombasa–Nairobi. Tunatunza mbwa na paka waliotupwa. Sasa hivi tuna mbwa 58, paka 20 na punda watatu. Kiwanja alituazima mzee mmoja kwa maneno tu. Mzee amefariki, na watoto wake wanataka tuondoke wajenge nyumba za kupangisha. Majirani nao wamechoshwa na kelele. Mwakilishi wadi wetu anasema tutapewa kipande cha ardhi ya umma karibu na jaa la taka, bila malipo. Kuna mfadhili wa nje aliye tayari kutoa shilingi milioni 4 za ujenzi tukishapata ardhi. Lakini hata mishahara ya vijana wetu wawili tunailipa kwa kuchangishana. Tuanze wapi, na tuwahamishe vipi wanyama wote hawa?

JIBU: Dada, poleni kwa kufiwa na mzee wenu. Aliwafaa watu na wanyama wa mji huo, na ninaona mnavyohangaika ili kazi aliyoikaribisha isife.

Sentensi iliyonishika katika barua yako ni ile ya mishahara ya vijana wawili. Mtu akikupa milioni 4 za kujenga huku hujui mshahara wa mwezi ujao utatoka wapi, amekuongezea mzigo. Makao mapya yakifunguliwa, habari husambaa, na wanyama huletwa kutoka miji ya jirani kwa sababu "kuna nafasi". Gharama zinapanda, mfadhili amekwisha kupiga picha na kuondoka, na kikundi kinabaki na majengo mazuri na magunia matupu. Nimeona hivyo zaidi ya mara moja hapa Pwani. Kwa hiyo anza na nani atalipia chakula, chanjo na mishahara baada ya kuhama. Ardhi ifuate. Jengo liwe la mwisho.

Na kuna mlipaji ambaye hamjambana bado. Katiba yetu ya 2010, katika Jedwali la Nne, sehemu ya pili, imeorodhesha kazi za serikali za kaunti. Mojawapo ni udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo kutoa leseni za mbwa na kuwa na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Soma maneno hayo polepole ukiwa na wenzako. Kazi mnayoifanya kwa kuchangishana ni kazi ya kaunti kikatiba. Mkienda makao makuu ya kaunti msiende kama watu wanaoomba sadaka kwa ajili ya mbwa koko. Nendeni kama watu wanaoifanyia kaunti kazi yake na wanaotaka makubaliano ya maandishi.

Makubaliano hayo yaandikwe juu ya jambo ambalo hakuna mwanasiasa atakayelipinga, nalo ni kichaa cha mbwa. Karibu watu wote wanaoupata ugonjwa huu wameumwa na mbwa, na dalili zikishaanza mgonjwa haponi. Kenya ina mkakati wa kitaifa wa kuutokomeza unaokwenda hadi 2030, na kiini chake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Sasa fikiria mtoto ameumwa sokoni leo. Anaoshwa jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, anaanzishiwa chanjo, na mbwa aliyemuuma anatakiwa afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Zimechaguliwa siku 10 kwa sababu mbwa ambaye mate yake tayari yana virusi huonyesha ugonjwa na kufa ndani ya muda huo. Akimaliza siku 10 akiwa mzima, hakuwa akiambukiza siku alipouma, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Sasa muulize afisa wa mifugo wa kaunti ndogo yenu: mbwa huyo hufungiwa wapi? Katika miji mingi midogo hana pa kufungiwa. Anapigwa mawe na kutupwa, hakuna anayejua kama alikuwa mgonjwa, na mtoto anamaliza chanjo zote kwa gharama ya wazazi au ya hospitali ya umma.

Hiyo ndiyo huduma ya kuiuzia kaunti. Tengeni vibanda vinne au vitano vya uangalizi, vyenye mlango wake na vyombo vyake, mbali na wanyama wengine. Kaunti iwalipe kwa kila mbwa kwa kila siku, ilete chanjo, na daktari wake apite kukagua. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inampa daktari huyo mamlaka juu ya mbwa wanaoshukiwa; nyinyi mnampa mahali pa kuyatumia. Ila kabla hamjampokea mbwa wa kwanza wa aina hiyo, vijana wenu wachanjwe chanjo ya kinga, dozi mbili kwa tofauti ya siku saba. Hili lisiachwe hadi bajeti ikae sawa. Kama pesa zipo za watu wawili tu wiki hii, zitumieni hapo.

Sasa kalenda, maana bajeti ya kaunti haingoji mtu. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa Maendeleo wa Kila Mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, karibu miezi kumi kabla ya pesa zenyewe kuanza kutumika. Waraka wa mkakati wa fedha hutoka mwishoni mwa Februari, na makadirio ya bajeti mwishoni mwa Aprili. Wengi hujitokeza Mei, kwenye vikao vya umma vya bajeti, wakapiga kelele, wakapigiwa makofi, wakarudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu jambo lao halikuwa kwenye mpango wa Septemba. Nyinyi pelekeni waraka wa kurasa mbili Julai au mapema Agosti, na mhakikishe umepigwa muhuri wa kupokelewa. Andikeni idadi ya watu walioumwa na mbwa waliofika hospitali ya kaunti ndogo mwaka uliopita (hospitali ina daftari hilo), mbwa mliowachanja, na kiasi mnachoomba. Mwakilishi wadi wenu atumike hapa. Kura yake katika bunge la kaunti ina thamani kubwa kwenu kuliko ahadi yake ya kiwanja.

Nikifika kwenye kiwanja hicho, nitakuwa mkali kidogo. Mwakilishi wadi hana uwezo wa kumpa mtu ardhi ya umma. Ardhi ya umma ya kaunti hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wananchi na husimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Neno lake ni sawa na neno la marehemu mzee wenu, tofauti ni kwamba mzee alikuwa na haki ya kulitoa. Mkijenga kwa milioni 4 za watu juu ya ahadi ya mdomo, uchaguzi ukija akashindwa, mtarudi palepale mlipo leo, na mfadhili hatarudi. Kinachofaa ni mkataba wa kukodisha uliosajiliwa, wa miaka isiyopungua 25, wenye ramani ya soroveya. Kama mfadhili atataka watu wake wawe wanachama au wadhamini wa chombo kitakachomiliki, kumbukeni kwamba kampuni au chama huhesabiwa kuwa raia pale tu kinapomilikiwa na raia wote; vinginevyo hakiwezi kumiliki ardhi zaidi ya kukodi, kwa kikomo cha miaka 99.

Na jaa la taka? Mimi ningelikataa, hata likija na hati. Mbwa wa mitaani huishi kwenye majaa, kwa hiyo magonjwa ya huko yatakuwa ukutani kwenu mchana na usiku. Panya wanaleta homa ya mgunda (leptospirosis). Moshi wa plastiki unaumiza mapafu ya wanyama waliofungiwa na ya vijana wenu. Zaidi ya hayo, familia inayotafuta mtoto wa mbwa haitapeleka watoto wake huko.

Mna njia nyingine tatu. Ya kwanza ni kukodi shamba la mtu binafsi. Hapo hakikisheni mmefanya upekuzi wa hati katika ofisi ya usajili wa ardhi, na kama ni ardhi ya kilimo, ombi la idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano, la sivyo makubaliano yanakufa kisheria. Ya pili ni ranchi. Kaunti yenu imejaa ranchi, na kama ardhi ni ya jamii, makubaliano yanahitaji kupitishwa na theluthi mbili ya mkutano wa jamii chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Ni safari ndefu. Ya tatu, ambayo naipenda zaidi, ni kona ya eneo la ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo au ya zizi la mnada lisilotumika. Ardhi hiyo tayari ni ya kaunti, tayari ni ya kazi ya wanyama, na daktari yupo jirani. Popote mtakapopata, ombeni mabadiliko ya matumizi ya ardhi yakihitajika na mzungumze na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mapema kuhusu majitaka na kelele, kabla jirani mpya hajawatangulia huko na malalamiko.

Kuhusu watoto wa marehemu, zungumzeni nao wiki hii. Kisheria, hawawezi kuhamisha wala kuuza kiwanja kabla ya kupata barua za usimamizi wa mirathi, na kwa kawaida uthibitisho wa mahakama huja baada ya miezi sita tangu barua hizo zitolewe. Kwa hiyo muda upo. Lakini msiutumie kama rungu. Nendeni na barua inayokiri kwamba kiwanja ni cha familia, mnashukuru, na mnaomba miezi 12 hadi 18 ya kuondoka kwa utaratibu, mkilipa kodi ndogo ya ardhi kila mwezi. Familia ikisaini, mmepata kitu ambacho hamjawahi kuwa nacho: karatasi. Familia iliyofiwa ikitishwa kwa wakili, mtafukuzwa kwa hasira, na mji mzima utajua.

Sasa ukubwa wa makao mapya. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Idadi ya wanyama ndani ya makao ni idadi ya wanaoingia kwa wiki mara wiki ambazo kila mmoja hukaa. Tuseme mnapokea mbwa 4 kwa wiki na kila mmoja hukaa wiki 14 kwa wastani. Hiyo ni mbwa 56, karibu sawa na mlio nao. Mkiweza kushusha muda wa kukaa hadi wiki 6, mtakuwa na mbwa 24 huku mkisaidia idadi ileile ya mbwa kwa mwaka. Kumbe hamhitaji vibanda 60. Mnahitaji vibanda 30 na mtu anayehangaika kila siku kuwapatia mbwa nyumba. Kipimo cha kawaida cha kazi ni dakika 15 kwa kila mnyama kwa siku, kwa usafi na kulisha tu. Mbwa 58 na paka 20 ni saa 19 na nusu kwa siku. Vijana wawili wa saa nane wanakupa 16, bila siku ya mapumziko. Ndiyo maana wamechoka, na ndiyo maana kelele ni nyingi: mbwa asiyetolewa nje hubweka.

Kwa hiyo mwambieni mfadhili ukweli huo. Mwombeni ajenge kidogo na alipe polepole: tuseme milioni 2.5 kwa uzio, maji, jengo la wagonjwa na vibanda 30, na inayobaki iende kwenye mishahara na kuhasi, mwaka wa kwanza kwa ukamilifu, wa pili nusu, huku kaunti ikiingia. Wafadhili wengi huogopa kulipa mishahara. Wakionyeshwa hesabu ya muda wa kukaa hapo juu, na barua ya kaunti iliyopigwa muhuri, wengi hulegea. Asipolegea kabisa, chukueni kiasi cha jengo mnachoweza kukilisha, mwacheni abaki na kilichozidi.

Michango ya nyumbani iendelee, lakini ipite kwenye nambari ya paybill ya kikundi, kamwe isipite kwenye simu ya mwenyekiti, na hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi. Hoteli na kambi za kitalii zilizo karibu na Tsavo ziendeeni na hoja ya magonjwa. Mwaka 1994, homa ya mbwa iitwayo distempa, iliyohusishwa na mbwa wa vijijini, iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mwenye kambi anayeishi kwa simba analielewa hilo bila kuelezwa mara mbili. Mwombeni alipie chanjo za mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, na nyinyi muwe watendaji. Machinjio wakiwapa matumbo bure, pokeeni, lakini yachemshwe vizuri. Mapafu na maini mabichi yenye malengelenge humpa mbwa minyoo ambayo mayai yake huota uvimbe wa maji kwenye ini la binadamu.

Huko kwenu kuna mambo mawili ambayo mchoraji wa ramani kutoka Nairobi hatayajua. Tembo hufuata maji. Tangi la plastiki lililo wazi nje ya uzio halimalizi msimu mmoja wa kiangazi, kwa hiyo matangi yakae ndani, karibu na jengo, na msipande migomba wala miembe. Na chui hupenda mbwa. Vibanda viwe na paa la wavu, na ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori, iulizwe njia za wanyama kabla ya kuchagua kiwanja. Mvua kwenu ni kiasi cha milimita 500 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 200 linaweza kukusanya lita 80,000 hivi, ukitoa zinazopotea. Mbwa wa kilo 15 hunywa karibu lita moja kwa siku, lakini maji mengi huenda kwenye kuosha. Zoeni kinyesi kikavu kwanza kwa koleo, ndipo mmwage maji. Sakafu iwe ya saruji iliyopigwa niru, yenye mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita, na kuta kati ya vibanda ziwe za kuziba macho. Mbwa asiyemwona mwenzake hubweka kidogo, na ukuta unazuia sauti kuliko mstari wa miti.

Kuhama kwenyewe kuanze wiki sita kabla ya siku yenyewe. Pigeni kampeni ya kutafutia wanyama nyumba, na wale wanaoweza kukaa kwa familia kwa muda waende. Lengo ni kuhamisha mbwa 30, si 58. Wote wachanjwe angalau wiki mbili kabla, na wiki tatu za mwisho msipokee wapya isipokuwa walioumia. Msibebe mbao za zamani, vyombo vya mbao wala matandiko. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo na mbao miezi mingi, na mtakuwa mmehama pamoja na ugonjwa. Vya chuma na plastiki visuguliwe kwa sabuni, kisha vilowe dakika 10 kwenye jiki: kama chupa ni ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu 20 za maji. Safirisheni alfajiri, kabla ya jua la Voi kukolea, wanyama wakiwa hawajala kwa saa nne au tano lakini wamekunywa. Mbwa wanaojuana wakae pamoja. Paka waende kwa gari lao na wafungiwe ndani wiki tatu, vinginevyo watajaribu kurudi walikotoka na kugongwa barabarani. Dawa za usingizi au za kutuliza, mnyama asipewe na mtu yeyote ila daktari aliyemwona.

Punda watatu msiwahamishe nao. Watafutieni watu wanaojua kutunza punda, mmoja akichukua wawili au wote, kwa maana punda wa peke yake hunyong'onyea. Kwato zikatwe kabla ya kuwakabidhi, na muwatembelee mara kwa mara.

Bado hujaniuliza jambo moja, nami nitalisema. Mkihamia mbali na mji, wageni watapungua, na wageni ndio wanaoshusha zile wiki 14 kuwa 6. Bakisheni dirisha mjini, hata chumba kimoja kwenye ofisi ya mifugo au duka la dawa za mifugo, siku za soko, mkiwa na mbwa wawili watatu waliochanjwa na picha za wengine. Hapo pia watu wapate chanjo na leseni za mbwa wao.

Na kwenye lango la zamani ombeni familia iwaruhusu kuacha bango lenye nambari ya simu kwa mwaka mzima, na mlipe kijana wa jirani apite kila asubuhi. Watu wataendelea kutupa watoto wa mbwa hapo usiku, ndani ya maboksi, muda mrefu baada ya nyinyi kuondoka, na wajenzi watakaowakuta hawatajua wampigie nani.